Kamera 12 kwenye chaneli moja: kupitisha video za ulinzi kwenye meshi bila picha kuganda

Fundi anayefunga kamera za ulinzi kwenye mtandao wa meshi, yaani redio zinazopokezana data hadi ofisini, mara nyingi hufanya hesabu moja tu: kamera 9 mara 2 Mbps (megabiti kwa sekunde) ni 18 Mbps, boksi la redio limeandikwa 300 Mbps, basi nafasi ipo tele. Wiki ya kwanza picha ni safi. Kisha usiku mmoja kamera zinaanza kuganda, rekoda inaonyesha mapengo, na lawama zote zinaiangukia redio. Redio haina kosa. Kilichokosewa ni kipimo, kwa sababu kwenye meshi hugawi megabiti, unagawa muda wa hewani.

Redio zote zinazosikiana kwenye chaneli moja ni kama wajumbe wa kikao chenye kipaza sauti kimoja: mmoja akiongea, wengine wananyamaza. Paketi inayotoka nodi (kituo cha redio) ya mwisho na kupita nodi mbili za kati hadi ofisini inasemwa mara 3, na kila inaposemwa wengine wote wanasubiri zamu. Ndiyo maana megabiti 1 ya kamera ya mbali ni ghali kuliko megabiti 1 ya kamera ya karibu.

Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: yadi ya makontena, za aina unayoziona pembezoni mwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Uzio una urefu wa mita 600. Nodi ni 4, moja kila mita 200: nodi 1 iko ofisini penye rekoda, nodi 4 iko mwisho kabisa. Kila nodi ina swichi ya PoE (inayopeleka data na umeme kwa kebo moja) yenye kamera 3. Kamera 3 za ofisini zinaingia kwenye rekoda kwa waya, kwa hiyo hazigusi hewa kabisa. Zilizobaki ni 9.

Hesabu ya muda wa hewani

Anza kwa kupima kila kiungo peke yake, kamera zote zikiwa zimezimwa. Weka kompyuta mpakato moja kila upande na uendeshe programu ya kupima kasi, `iperf3 -c`, pamoja na anwani ya upande wa pili, kwa sekunde 60, data ikitoka upande wa kamera kwenda ofisini. Usiiendeshe ndani ya ruta yenyewe kama ni ruta ndogo. Prosesa yake itachoka kabla ya redio na utapata namba ya uongo. Kasi unayoiona kwenye ukurasa wa ruta ni kasi ya redio kabla ya gharama za kusubiriana na kuthibitishiana. Tarajia nusu yake, au asilimia 60 siku ikiwa njema.

Sasa andika mzigo wa kila kiungo. Kamera zikiwa 2 Mbps kila moja:

- nodi 4 kwenda 3: kamera 3, 6 Mbps
- nodi 3 kwenda 2: kamera 6, 12 Mbps
- nodi 2 kwenda 1: kamera 9, 18 Mbps

Kinachofika kwenye rekoda ni 18, lakini kinachosemwa hewani ni 36. Kwa kila kiungo gawanya mzigo kwa kasi halisi uliyoipima, kisha jumlisha viungo vyote vinavyosikiana. Kama kila kiungo kilipimwa 60 Mbps, jumla ni 36 kwa 60, yaani asilimia 60 ya muda. Panga usizidi asilimia 50, maana inayobaki italiwa na marudio ya paketi, na vishindo vya fremu kubwa, na mitandao ya majirani. Kwa hiyo mfano wetu umeshavuka mstari kabla hata mvua haijanyesha. Ukiziacha kamera kwenye 4 Mbps ya kiwandani unapata asilimia 120, jambo lisilowezekana.

Angalia kinachotokea kiungo kimoja kikidhoofika. Kontena zimepangwa mbele ya nodi 4, kasi halisi ya kiungo chake imeshuka kutoka 60 hadi 12 Mbps. Mzigo wake wa 6 Mbps sasa unakula asilimia 50 peke yake. Ongeza asilimia 20 za kiungo cha kati na 30 za kile kinachoingia ofisini: kikao kimejaa. Kamera za nodi 2, zenye ishara nzuri kabisa, zitaganda pamoja na zile za nodi 4. Fundi ataenda kuhangaika na nodi 2 kwa sababu ndiyo iliyolalamikiwa, na atatoka mikono mitupu.

Punguza kwenye kamera kwanza

Hakuna mpangilio wa ruta utakaookoa mtandao uliopewa video nyingi kuliko inavyobeba. Ingia kwenye kila kamera uweke haya:

Kodeki (njia ya kubana video) iwe H.265, iliyotoka 2013, miaka 10 baada ya H.264. Kwa picha ya ubora uleule inaokoa kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya data, ila hakikisha rekoda yako inaisoma. Kwa kamera za 1080p, fremu 12 kwa sekunde zinatosha kwa uzio na geti. 25 ni anasa, isipokuwa pale unaposoma namba za magari yanayopita kwa kasi. Kikomo cha data kiwe 1.5 hadi 2 Mbps. Tumia kasi inayobadilika lakini yenye kikomo kigumu, si ile isiyo na dari.

Kikomo hicho ndicho kinachookoa usiku. Giza likiingia kamera inaongeza mwangaza kwa nguvu na picha inajaa chenga. Kodeki haijui kuwa chenga si mwendo, inazisimba zote kama mabadiliko halisi, na kamera iliyokuwa na 1.5 Mbps mchana inapanda mara mbili au zaidi. Ongeza wadudu wanaozunguka taa za infraredi na matawi yanayotikiswa na upepo. Washa kipunguza chenga, zuia shata isishuke chini ya 1/25, na pima mtandao wako saa 3 usiku, si saa 4 asubuhi.

Nafasi kati ya fremu kamili ndiyo inayosahaulika zaidi. Video husafiri kama fremu moja kamili ikifuatwa na fremu nyingi ndogo zinazobeba mabadiliko tu. Weka fremu kamili moja kila sekunde 2. Kwa fremu 12 kwa sekunde, andika 24. Ukirefusha hadi sekunde 10 unaokoa data kidogo, lakini paketi moja ikipotea picha inabaki imechafuka hadi fremu kamili ijayo. Kwa sababu hiyohiyo zima zile kodeki zinazoitwa "smart" au zenye alama ya kujumlisha mwishoni: zinarefusha nafasi hiyo zenyewe pale penye utulivu. Kwenye waya zinafaa sana, kwenye meshi ni balaa.

Kuna hatari nyingine ndani ya fremu kamili. Fremu kamili ya 1080p inaweza kufika kilobaiti 100, yaani kilobiti 800. Kwenye kiungo cha 60 Mbps hiyo ni milisekunde 13 kwa kila mruko, yaani kutoka nodi moja hadi inayofuata. Kamera 3 miruko 3, kamera 3 miruko 2, kamera 3 mruko 1: jumla miruko 18, takriban milisekunde 240 za hewa kwa seti moja ya fremu kamili. Zikija zimetawanyika hakuna anayeona. Zikija pamoja, foleni za nodi zinajaa na paketi zinatupwa. Na kuna siku zinakuja pamoja: umeme ukikatika na kurudi, kamera za aina moja zinawaka kwa wakati mmoja. Zipe namba tofauti za nafasi kati ya fremu kamili, 22 kwa hii, 24 kwa ile, 27 kwa nyingine, ili hata zikianza pamoja zisiendelee kugongana.

Kama hesabu bado haikubali, hamisha kurekodi. Weka kadi ya kumbukumbu ya aina inayovumilia kuandikwa mfululizo ndani ya kila kamera, rekodi mkondo mkuu humo, na upitishe hewani mkondo mdogo tu: 640 kwa 360, fremu 10, 400 Kbps. Kila 1 Mbps ni gigabaiti 10.8 kwa siku, kwa hiyo kamera ya 2 Mbps inajaza 21.6, na kadi ya gigabaiti 128 inakaa siku 5 hivi kabla ya kujifuta. Mzigo wa hewani unashuka hadi miruko 18 mara 0.4, yaani 7.2 Mbps, asilimia 12. Rekoda inayoafikiana na ONVIF Profile G (kiwango cha kusoma rekodi zilizo ndani ya kamera) inaweza kuvuta kipande cha tukio kutoka kwenye kadi baadaye. Ubaya wake ni mmoja: mwizi akiondoka na kamera, ameondoka na ushahidi. Kwa hiyo kamera za geti na ofisi zirekodi kwenye rekoda, za uzio wa ndani ndizo ziende kwenye kadi.

Waya mmoja mahali sahihi

Kabla ya kununua redio ya pili, fikiria faiba. Ukivuta faiba kutoka ofisini hadi nodi 3 (mita 400, waya wa shaba haufiki kwa sababu mwisho wake ni mita 100), nodi 4 inaishia nodi 3 na nodi 2 inaishia nodi 1. Hewani zinabaki 6 na 6: jumla 12 badala ya 36, asilimia 20 badala ya 60. Redio ya pili kwenye kila nodi, ikipishanisha chaneli, ingekupunguzia chaneli yenye kazi nyingi hadi 24 tu. Gharama ni kebo, vigeuzi viwili vya faiba na siku moja ya kuchimba. Chagua faiba isiyo na waya wa chuma ndani, ili radi isipate njia ya kutoka mlingotini kuja kwenye rekoda.

Ukishafanya hivyo umetengeneza mzunguko: nodi 1 na 3 zinaonana hewani na pia kwa kebo. Kwenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta) yenye batman-adv (programu inayochagua njia za meshi) hakikisha `bridge_loop_avoidance` iko kwenye 1. Ikiwa imezimwa, paketi za matangazo zitazunguka bila kukoma na mtandao wote utalala ndani ya sekunde chache.

Chaneli na milingoti

Kwa viungo kati ya nodi tumia bendi ya 5 GHz. Ile ya 2.4 ina chaneli 3 tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na simu za mtaa mzima zimo humo. Upana uwe 20 au 40 MHz. Kuupanua hadi 80 kunaongeza kelele unayoisikiliza na kunakupunguzia chaneli za kukimbilia.

Epuka chaneli 52 hadi 144 kama una njia nyingine. Hizo zinashirikiana na rada, na redio ikisikia kitu kinachofanana na rada inalazimika kuhama, kisha isikilize chaneli mpya ya kundi hilo kwa sekunde 60 kabla ya kutuma. Kwa chaneli 120 hadi 128, zinazotumiwa na rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya zinadai dakika 10. Kamera zote zikipotea pamoja kwa dakika moja kisha zikarudi bila mtu kugusa kitu, anza kuchunguza hapo. Kabla ya kufunga 36–48 au 149–161, thibitisha na mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, chaneli na nguvu zinazoruhusiwa nje ya jengo.

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, hivyo manne yaliyopandana yanafika mita 10.4. Mawimbi ya 5.8 GHz yanahitaji nafasi wazi kuzunguka mstari wa kuonana: kwa mita 200, karibu mita 1 katikati ya njia, kwa mita 500, mita 1.5. Mlingoti wa mita 12 unatosha, wa mita 10 hautoshi, hata kama siku ya kufunga uliona nodi ya pili vizuri kwa macho. Lenga ishara ya -65 dBm au bora zaidi (yaani karibu zaidi na sifuri) kwa kila kiungo.

Nodi 2 na nodi 4 huenda zisisikiane lakini zote zinazungumza na nodi 3. Hapo ndipo zinapogongana, kila moja ikidhani hewa ni tupu. Weka kizingiti cha RTS kwenye baiti 500 ili nodi iombe ruhusa kabla ya paketi kubwa. Paketi za video karibu zote ni kubwa kuliko hapo.

Mipangilio ya meshi

Jina la meshi, chaneli na ufunguo wa SAE (nywila ya meshi) viwe sawa kwenye nodi zote. Kisha kuna makosa mawili yanayojirudia sana. La kwanza: batman-adv juu ya 802.11s (meshi ya Wi-Fi yenyewe) bila kuzima usafirishaji wa 802.11s yenyewe. Madereva wawili usukani mmoja. Weka `mesh_fwding` iwe 0. La pili: MTU, ukubwa wa juu wa paketi. batman-adv inaongeza vichwa vyake juu ya kila paketi, hivyo kiolesura cha chini kinahitaji MTU ya 1532. Ukiiacha 1500, kila paketi kubwa inakatwa vipande viwili na kila kipande kinasubiri zamu yake. Jaribu `ping -M do -s 1472` kutoka kompyuta ya upande mmoja hadi wa pili. Ping ndogo ikipita na hii ikakwama, umeshampata mchawi. Ikipita, bado soma MTU ya kiolesura, kwa sababu ukataji wa batman-adv hauonekani kwenye ping.

Weka pia `mesh_rssi_threshold` kwenye -75, ili nodi 4 isijaribu kurukia nodi 2 moja kwa moja pale hewa inapokuwa njema kwa dakika mbili. Njia inayobadilikabadilika inavuruga mpangilio wa paketi, na picha zinaruka bila sababu inayoonekana.

Kamera ziwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yake, bila njia ya kutoka intaneti, na saa zake zivutwe kutoka kwenye rekoda. Zima huduma ya wingu ya kamera, na badilisha nywila ya kiwandani kabla kamera haijapanda mlingotini.

Watazamaji, TCP na matangazo

Kila anayefungua kamera moja kwa moja kutoka kwenye simu anaongeza mkondo mwingine kamili hewani. Mlinzi wa getini, meneja na bosi wakifungua kamera moja ya nodi 4, hizo ni nakala 3 juu ya ile ya rekoda, mara miruko 3. Wote watazame kupitia rekoda. Kamera iruhusu mtumiaji mmoja tu, yaani rekoda.

Usishawishike kutatua hilo kwa kutangaza mkondo mmoja kwa wote. Redio za Wi-Fi hutuma paketi za namna hiyo kwa kasi ya chini kabisa na bila kurudia zilizopotea. 2 Mbps ya video kwa njia hiyo inaweza kumeza karibu kikao chote.

Kati ya kamera na rekoda, tumia RTSP (itifaki ya kupitisha video) juu ya TCP, inayorudia kilichopotea, ikiwa hesabu yako iko chini ya asilimia 50. Redio yenyewe tayari inarudia paketi zilizopotea, kwa hiyo zinazokosekana mwishoni huwa zimetupwa kwenye foleni iliyojaa. UDP, isiyorudia, itakupa picha zenye mabaka ya kijivu. TCP itakupa picha safi inayochelewa, kisha rekoda itakata na kuunganisha upya. Mabaka na kuchelewa ni dalili za ugonjwa mmoja.

Kuhusu kipaumbele cha huduma: kwenye mtandao unaobeba video tupu hakisaidii, kwa sababu kumpa kila mtu kiti cha mbele ni kutompa yeyote. Kinafaa pale ofisi nayo inapotumia meshi hiyohiyo kwa intaneti. Hapo weka DSCP (alama ya kipaumbele ya paketi) 34 kwenye kamera, itaingia foleni ya video ya WMM, mpango wa foleni wa Wi-Fi, na banisha kasi ya intaneti ya wengine. Wapo wanaoweka 46 wakidhani video itapanda foleni ya sauti. Kwa mgawanyo wa kawaida wa WMM nayo huangukia foleni ya video ileile.

Picha ikikatika

Kamera moja inajizima jioni na kuwaka tena: usiguse mtandao. Taa za infraredi zimewaka, umeme haukutosha. PoE ya 802.3af inatoa wati 15.4 kwenye swichi na kuhakikisha 12.95 kwenye kamera. Kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba, ndefu, inakula zaidi ya hapo.

Kamera za nodi zote zinaganda pamoja: tafuta kiungo dhaifu, si kamera. Kwenye kila nodi endesha `iw dev mesh0 station dump` na ulinganishe "tx retries" na "tx packets". Penye marudio mengi kuliko siku uliyofunga, ndipo penye kontena jipya au antena iliyopinda.

Mapengo kwenye rekodi lakini picha ya moja kwa moja ni nzima: angalia saa za kamera, kisha kasi ya diski ya rekoda.

Usikabidhi kazi kabla ya saa 24 kamili, usiku ukiwemo, kamera zote zikiwa zimewashwa. Katikati ya majaribio zima umeme wote na uurudishe mara moja, uone zinavyoamka pamoja. Andika ishara na kasi ya iperf3 ya kila kiungo kwenye karatasi, ifunge ndani ya boksi la nodi husika, na upime upya kila safu za makontena zinapopangwa upya.